Springbank ya miaka 10: alama natoa baada ya maji

Kuna chupa moja ambayo sipendi ikosekane kabatini kwangu, na kila ninapotaka kupima wiski nyingine ya Scotland naitoa kwanza hiyo: Springbank ya miaka 10. Sisemi ndiyo bora kuliko zote. Ninachoipendea ni kwamba ndani yake mna kidogo cha karibu kila kitu ambacho Waskoti wanajua kukitoa kwenye shayiri. Moshi upo, tunda lipo, chumvi ipo, mafuta yapo, pipa lililowahi kubeba burboni (wiski ya Marekani) linasikika na lililobeba sheri (divai kali ya Hispania) linasikika, na hakuna kimoja kinachokifunika kingine. Anayeanza kujifunza kuonja namshauri aanzie hapa. Leo nataka kueleza ninavyoionja, kisha niseme alama ninayoipa na sababu zake.

Kazi yangu ya kila siku ni kuonja chai. Nasimama mbele ya safu ya vikombe, nafyonza kijiko kwa kelele, natema, nahamia kikombe kinachofuata. Kazi hiyo imenizoesha kutenganisha kitu ninachokipenda na kitu kilichotengenezwa vizuri. Chai inaweza kuwa imetengenezwa vizuri kabisa na bado nisitake kikombe cha pili, na ripoti yangu lazima iseme imetengenezwa vizuri. Kwenye wiski naona watu wengi wanayachanganya hayo mawili. Apendaye moshi hupandisha alama za kila chupa yenye moshi. Apendaye utamu hufanya hivyo kwa kila wiski iliyolala kwenye pipa la sheri. Hapo mtu anaeleza ulimi wake tu, kinywaji chenyewe bado hajakihukumu.

Tuanze na lebo, kwa sababu kule Scotland maneno ya kwenye lebo yanalindwa na sheria. Kwa kanuni za mwaka 2009, wiski ya kimea kimoja (single malt), kama hii, lazima itokane na maji na kimea cha shayiri bila nafaka nyingine, ikenekwe (yaani ichemshwe na mvuke wake upozwe) kwa mafungu kwenye mitungi ya kukenekea ya kiwanda kimoja, ikomae humo humo Scotland ndani ya pipa la mwaloni kwa miaka isiyopungua 3, na iingie chupani ikiwa na alkoholi isiyopungua asilimia 40. Umri unaoandikwa ni wa wiski changa kuliko zote zilizomo chupani, kwa hiyo "10" maana yake hakuna tone lenye umri wa chini ya hapo. Kinachoruhusiwa kuongezwa ni maji na rangi ya karameli, basi.

Ruhusa hiyo ya karameli ndiyo inayonifanya nisitoe hata alama moja kwa ajili ya rangi. Wiski nyeusi nyeusi inaweza kuwa imepata weusi huo siku ya mwisho ya maisha yake kiwandani, muda mfupi kabla ya kutiwa chupani. Springbank hawaitii rangi, na ya miaka 10 hutoka ikiwa na dhahabu iliyopauka, kiasi kwamba mgeni huidhani nyepesi. Pia hawaichuji kwa baridi. Viwanda vingi huipoza wiski na kuichuja ili kuondoa mafuta na esta nzito (kemikali za harufu) ambazo huleta ukungu inapotiwa maji au barafu. Chupa inabaki inang'aa, lakini unene fulani wa kinywani huondoka na uchafu huo usio uchafu. Springbank wanaitia chupani kwa asilimia 46, ikiwa nzima.

Kuhusu glasi sitasema mengi. Nataka yenye tumbo pana na mdomo uliobanwa, mtindo wa Glencairn, kwa sababu tumbo huipa harufu nafasi ya kukusanyika na mdomo huielekeza puani. Barafu situmii ninapohukumu. Baridi huifunga harufu, na harufu ndiyo sehemu kubwa ya kile tunachokiita ladha.

Namimina mililita 20, toti ndogo tu, kisha naiacha ikae. Hapa ndipo binamu yangu, ambaye ndiye ninayeonja naye mara nyingi, huanza kunung'unika. Yeye ni mtu wa kisiwa cha Islay, kwa maana ya chupa: Ardbeg, Laphroaig, zile za moshi mzito ambazo ukifungua kizibo chumba kizima kinajua.

"Dada, sasa tunasubiri nini?"

"Mdogo wangu, acha alkoholi itangulie kutoka."

Na ndivyo ilivyo. Mvuke wa kwanza wa wiski ya asilimia 46 unachoma, na pua iliyochomwa mara moja haifai kitu kwa muda. Kwa hiyo siizamishi pua ndani ya glasi. Naishikilia chini ya kidevu, naipandisha polepole, mdomo nimeuacha wazi kidogo ili hewa ipite pande zote mbili, nahama kutoka tundu moja la pua hadi la pili. Kinachofika kwanza kwenye Springbank ni peasi lililoiva, halafu kimea chenyewe, harufu ya nafaka iliyochipushwa na kukaushwa. Nyuma yake kuna vanila ya pipa la burboni. Watu wengi huishia hapo, wanaandika "matunda na vanila", wananywa.

Kinachofuata ndicho kinachoifanya iwe ya Campbeltown, mji inakotengenezwa. Inatoka harufu ya mafuta ya mashine, ya kamba ya mashua iliyolowa maji ya bahari, ya sufu mbichi, na moshi mwembamba uliojificha katikati. Nikisema mafuta ya mashine, msomaji asidhani ni kasoro. Kwa kiasi kidogo harufu hiyo huipa wiski uzito, na bila yake peasi na vanila zingekuwa tamu bila kina.

Niliwahi kwenda kuona inakotoka. Kwa barabara kutoka Glasgow ni safari ndefu: unapita kando ya Loch Lomond, unapanda hadi pale panapoitwa Rest and Be Thankful, unateremka Inveraray, unaifuata Loch Fyne hadi Tarbert, na baada ya hapo rasi ya Kintyre inanyooka kusini huku bahari ikiwa kulia kwako. Campbeltown iko karibu na ncha. Ni mji mdogo, lakini Alfred Barnard alipozunguka viwanda vya wiski vya Uingereza katika miaka ya 1880 alikuta humo viwanda 21. Vinavyojulikana zaidi leo ni 3: Springbank, Glen Scotia na Glengyle, na hicho cha mwisho kilifungwa mwaka 1925 na hakikukeneka tena hadi mwaka 2004. Soko la Marekani lilifungwa kwa marufuku ya pombe kuanzia mwaka 1920, mgodi wa makaa wa karibu ukafungwa, na baadhi ya viwanda vilikuwa vimeshaharibu jina la mji kwa kukimbilia wingi. Springbank, iliyoanzishwa mwaka 1828 na ambayo ukoo wa Mitchell umeishikilia vizazi na vizazi, ilibaki.

Kilichonigusa humo ndani ni sakafu ya kimea. Viwanda vingi hununua kimea kutoka kwenye mitambo mikubwa. Springbank wanakitengeneza chote wenyewe: shayiri iliyolowekwa inatandazwa sakafuni, inachipua, na wafanyakazi wanaigeuza kwa mikono ili isipate joto kupita kiasi na mizizi isishikane. Baadaye inapanda juu kwenye tanuri. Hapo ndipo moshi unapoingia. Piti, yaani mimea iliyooza nusu kwenye vinamasi kwa maelfu ya miaka, hukatwa, hukaushwa na kuchomwa chini ya kimea kibichi. Kwa Springbank moshi huo huchukua takriban saa 6, kisha hewa ya moto inamalizia. Kiwanda hicho hicho kinatengeneza Longrow, ambayo kimea chake hukaa kwenye moshi wa piti takriban saa 48, na Hazelburn, ambayo hukaushwa kwa hewa ya moto peke yake.

Ukipata nafasi ya kuziweka hizo tatu kwenye meza moja, iweke. Sijui somo zuri kuliko hilo kwa mtu anayetaka kuelewa moshi. Mahali pamoja, maji yale yale ya Crosshill Loch, watu wale wale, na glasi tatu zisizofanana. Ila moshi si tofauti pekee, na hili husahaulika. Longrow hukenekwa mara 2, Hazelburn mara 3, na Springbank mara mbili na nusu. Hiyo nusu inashangaza watu, lakini hesabu yake ni ya wazi: mkeneko wa kwanza hugawanywa, sehemu kubwa inakenekwa mara ya pili, halafu hiyo sehemu inachanganywa na ile iliyobakizwa, na vyote vinaingia pamoja kwenye mtungi wa mwisho. Matokeo ni kwamba ndani ya pipa moja kuna kinywaji kilichopita motoni mara 2 na kingine mara 3. Naamini ndiyo sababu Springbank ina wepesi wa tunda upande mmoja na uzito wa mafuta upande mwingine bila kuhisi imeunganishwa kwa gundi. Mtungi wake wa kwanza pia bado hupashwa kwa moto wa moja kwa moja chini yake, jambo ambalo viwanda vingi waliliacha walipohamia mvuke.

Turudi kwenye glasi, sasa mdomoni.

Naanza na tone dogo la kuuzoesha ulimi, nalo silihesabu kabisa. La pili nalikalisha. Nalizungusha hadi kwenye ufizi na kando za ulimi, sina haraka. Springbank inaingia na utamu wa kimea na asali kidogo, halafu inageuka katikati: chumvi, ndimu, pilipili manga. Ule unene ambao haukuchujwa unaupaka ulimi. Moshi hauji mbele, unakuja mwishoni kama mtu aliyechelewa kikao na bado akapewa kiti.

Kwenye chai natema kila kitu. Kwenye wiski natema nyingi, hasa meza ikiwa na glasi kadhaa, maana pua na ulimi vilivyolewa havipimi chochote. Lakini ile ya mwisho ninayotolea hukumu naimeza, kidogo sana, kwa sababu sehemu ya ladha inayobaki hupanda kutoka kooni kupitia nyuma ya pua, na anayetema hupoteza nusu ya habari.

Kisha maji. Hili ndilo nililokuja kusema, na najua wapo watakaokunja uso. Kuna wanaoamini kwamba kutia maji kwenye wiski ya kimea ni kuiharibu, kwamba mnywaji wa kweli huichukua kavu. Siungi mkono hata kidogo. Wachanganyaji wa Scotland wenyewe, watu ambao pua zao ndizo riziki yao, huipunguza sampuli hadi karibu asilimia 20 wanapoinusa ili kuikagua, kwa sababu katika nguvu hiyo alkoholi haifichi kasoro. Chochote kilichokwenda kombo, pipa lililochoka, salfa, ukungu wa mbao, hujitokeza. Na mazuri hujitokeza pia. Mwaka 2017 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Linnaeus huko Sweden walichapisha kazi waliyoifanya kwa kompyuta, wakifuatilia molekuli ya gwayakoli, mojawapo ya zinazoleta ladha ya moshi. Waliona kwamba alkoholi ikiwa nyingi mno, gwayakoli huzama ndani ya kimiminika, na maji yakiongezwa hupanda juu, karibu na hewa, yaani karibu na pua yako. Kwa hiyo wale wanaosema "iliponyeshewa tone ikafunguka" hawaoti ndoto.

Mimi hutia mililita 3 kwenye zile 20, na Springbank inashuka hadi asilimia 40. Inakuwa na ukungu mwembamba, ishara ya yale mafuta yaliyoachwa. Halafu nasubiri tena. Ndipo kinapotokea kile ambacho glasi kavu haikunionyesha: peasi linarudi nyuma, na mbele linakuja pipa la sheri, zabibu kavu, ganda la chungwa, ngozi. Moshi unatoka maficho. Unakuwa moshi wa jivu la jana, mkavu, uliochanganyika na chumvi. Ulimini ile pilipili inatulia na kimea kinapata nafasi.

Binamu yangu, aliyekuwa ameshaandika "moshi haba", aliinusa tena akanyamaza, halafu akaniuliza kama nimebadilisha glasi.

Sasa kuna wiski nyingi, na baadhi ni za majina makubwa, ambazo zikionjwa kavu zinapendeza haraka: utamu, vanila, mguso laini. Tia mililita hizo 3 na zinaanguka. Kinabaki kinywaji cha maji chenye kumbukumbu ya mbao. Siku hizi naamini kwamba wiski inayovunjika kwa kijiko cha maji ilikuwa inashikiliwa na nguvu ya alkoholi na utamu wa pipa, na kilichokenekwa chenyewe hakikuwa na cha kusema. Ndiyo maana siandiki namba yoyote daftarini kabla ya maji. Maelezo naandika tangu mwanzo, namba hapana.

Ladha inayobaki naipima kwa mambo mawili: inakaa muda gani, na inabadilika au inarudia neno moja. Urefu peke yake si sifa, kwani uchungu wa mbao nao hukaa sana. Springbank inakaa, na inabadilika. Baada ya kumeza kuna chumvi, kisha jivu, kisha, wakati umeshaweka glasi chini na kuanza kuzungumza jambo lingine, inarudi ndimu. Kesho yake asubuhi mimi hunusa ile glasi tupu kabla ya kuiosha. Kilichokauka chini yake ni piti na kimea, safi kabisa, bila ukali. Glasi tupu ya asubuhi ni shahidi ninayemwamini sana.

Alama, basi. Natumia jumla ya 100, iliyogawanywa mara nne. Harufu 22 kati ya 25: nimekata kwa sababu kabla ya maji ule mchomo wa mwanzo bado ni wa ujana, na asiye na subira ataonja ujana huo peke yake. Ulimini 23. Ladha inayobaki 23. Mizani, yaani namna vyote hivyo vinavyoishi pamoja, 21. Hapo kwenye mizani nimeumia kidogo kuandika, lakini mafungu ya Springbank hutofautiana. Kuna chupa ambayo upande wa mafuta na salfa hutawala mpaka tunda linahema, na kuna nyingine ambayo sheri inapanda juu. Wanatengeneza kwa mikono, kwa mapipa ya aina mbalimbali, na hayo ndiyo matokeo yake. Nawaheshimu kwa hilo, ila alama lazima iseme ninachokikuta kwenye glasi, na chupa iliyo mezani sasa ni ya mafuta zaidi. Jumla 89.

Binamu ameipa 84. Amekata kwenye moshi, na ameeleza vizuri: kwake moshi unaohitaji kuitwa kwa maji ni moshi ambao mtengenezaji hakuuamini vya kutosha. Mimi naona saa zile 6 za tanuri zilichaguliwa makusudi ili piti isikae juu ya kimea. Tumekubaliana kwamba mara ijayo tunaiweka Longrow katikati yetu, zote mbili kwa asilimia 40, glasi zikiwa zimefunikwa majina, na yeye ndiye atakayemimina.